Sikukuu ya Ghafla Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuipokea Bila Kupoteza Mshahara, Malipo wala Safari

Jumatano ya tarehe 8 Mei 2024, Rais alitangaza kwamba Ijumaa ya tarehe 10 ingekuwa siku ya mapumziko, ili Wakenya wawaomboleze waliofariki katika mafuriko na kupanda miti. Kati ya tangazo na sikukuu palibaki siku moja tu ya kazi. Katika siku hiyo moja niliona makosa yale yale niliyokuwa nimeyaona kabla ya sikukuu ya upanzi wa miti ya tarehe 13 Novemba 2023, na ambayo ningeyaona tena mwezi wa Oktoba 2025, Ijumaa ya tarehe 17 ilipotangazwa kuwa siku ya mapumziko kwa ajili ya mazishi ya kitaifa ya Raila Odinga. Hundi zilikwama, wafanyakazi walifika kazini wakakuta lango limefungwa, na vibarua walirudi nyumbani bila ujira.

Mimi hushughulikia mishahara na malipo katika kampuni ndogo ya kuoka mikate, Eneo la Viwanda. Nimeandika hatua hizi kwa mwajiriwa na kwa mwajiri mdogo, kwa sababu sikukuu ya ghafla huwabana wote wawili, na kazi inayoamua itakuwaje hufanyika kabla siku yenyewe haijafika.

## Vitu vya kuwa navyo mapema

Usisubiri tangazo ndipo uanze kuvitafuta. Viweke mahali pamoja, iwe ni kwenye faili au kwenye simu.

- Mkataba wako wa kazi, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi ikiwa yanakuhusu.
- Orodha ya zamu ya wiki mbili zijazo, yenye majina na saa.
- Orodha ya malipo yanayotoka na yanayoingia, pamoja na tarehe ya mwisho ya kila moja.
- Njia mbili za kutuma fedha zisizotegemea benki kufunguliwa, kwa mfano PesaLink (huduma ya kutuma fedha kutoka benki moja hadi nyingine) na M-Pesa, zikiwa zimeshasajiliwa na kujaribiwa kwa kiasi kidogo.
- Namba za simu za watu watano: msimamizi wako, mlinzi wa zamu, muuzaji mkuu wa bidhaa, dereva, na mteja asiyeweza kukosa mzigo.
- Akiba ya nauli, ikiwa una wazazi au watoto mashambani.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tangazo ni la kweli na kwamba linakuhusu

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu huona picha ya barua kwenye WhatsApp, anaisambaza kwa wenzake, na ndani ya saa moja ofisi nzima imeshajipa likizo.

Nchini Kenya, sikukuu zinaongozwa na Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110. Siku isiyokuwa kwenye kalenda hutangazwa na waziri anayehusika, ambaye ni Waziri wa Usalama wa Ndani, kwa ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali. Gazeti hilo hutoka kwa kawaida siku ya Ijumaa, lakini jambo la dharura hutolewa katika toleo maalum siku yoyote. Kwa hiyo usiseme kwamba tangazo ni la uongo kwa sababu tu limetoka Jumanne usiku. Tafuta ilani yenyewe.

Unapoisoma, angalia mambo manne. Iwe na namba. Iitaje sheria inayotumika. Iwe na tarehe ya kutiwa saini na jina la waziri aliye ofisini wakati huo. La nne ndilo linalofichua ilani za zamani zinazofufuliwa: siku ya wiki ilingane na tarehe. Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa Jumatatu, lakini mwaka uliofuata tarehe hiyo iliangukia Jumatano. Ukiona «Jumatatu tarehe 13 Novemba» katika mwaka ambao kalenda inasema vingine, futa ujumbe huo, na umwambie aliyekutumia.

Baada ya hapo jiulize kama siku hiyo inakuhusu. Diwali kwa kawaida hutangazwa kwa wafuasi wa dini ya Kihindu, wala si kwa kila mfanyakazi. Idd nayo ina utaratibu wake, kwa maana Idd-ul-Fitr inategemea kuandama kwa mwezi. Serikali huweza kutaja siku mapema, lakini Waislamu wengi husubiri neno la Kadhi Mkuu jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani. Ikiwa una wafanyakazi Waislamu, panga zamu mbili tangu mwanzo, moja ya siku iliyotangazwa na nyingine ya siku inayofuata, na uwaulize wao wenyewe watasali lini. Mtu asilazimishwe kuchagua kati ya sala ya Idd na kazi yake kwa sababu karani alipanga zamu kwa haraka.

Kalenda nayo ina mitego yake. Sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo si sikukuu nyingine huwa ya mapumziko. Ikiangukia Jumamosi, hakuna fidia. Sikukuu ya Madaraka ya 2024 ilikuwa Jumamosi, nayo Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Sikukuu ya Wafanyakazi ya 2022 iliangukia Jumapili, ikahamia Jumatatu ya tarehe 2 Mei. Ijumaa iliyotangulia, tarehe 29 Aprili, ilikuwa imetangazwa kwa mazishi ya kitaifa ya Mwai Kibaki, na Jumanne ya tarehe 3 Mei ikawa Idd. Zikawa siku tano mfululizo, na mhasibu aliyekuwa amejiandaa kwa Jumatatu peke yake hakuwa amejiandaa.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni kutofautisha sikukuu na siku ambayo mji umefungwa. Maandamano yakizuia barabara za katikati ya jiji, au barabara zikifungwa kwa ajili ya mkutano wa marais, siku hiyo haigeuki kuwa sikukuu kisheria. Kama utafanyia kazi nyumbani, utakatwa siku ya likizo au utalipwa kama kawaida ni suala la makubaliano kati yako na mwajiri, na ni heri makubaliano hayo yaandikwe asubuhi ile ile.

Umefaulu hapa ikiwa unaweza kumwambia mwenzako namba ya ilani, tarehe ya sikukuu na wanaohusika, bila kusema «nimesikia».

## Hatua ya 2: Pata neno la mwajiri kwa maandishi

Ilani ya serikali haisemi kama wewe utakuwa kazini. Hospitali, ulinzi, hoteli, usafiri na viwanda vya chakula haviwezi kufungwa vyote, na mkate wa Jumamosi asubuhi huokwa usiku wa kuamkia Jumamosi.

Mwandikie msimamizi wako ujumbe mfupi, kwa heshima, ukiuliza mambo matatu: je, tunafunga, ikiwa hatufungi, nani yuko zamu, na watakaofanya kazi watalipwa vipi, au watapewa siku gani badala yake? Ujumbe kama huu unatosha: «Shikamoo, mkubwa. Nimeona ilani kuhusu Ijumaa. Naomba kujua kama niko zamu, na kama niko, siku hiyo italipwa au nitapewa nyingine. Asante.» Uutume kabla ya saa nane mchana. Ukiutuma saa kumi na moja jioni, jibu litakujia ukiwa umeshapanda matatu, na pengine umeshalipa nauli ya kwenda kwenu.

Kwa mwajiri, onyo ni moja. Usitangaze zamu katika kundi la WhatsApp peke yake. Watu wa zamu ya usiku huwa wamelala mchana, na walinzi wengi huzima data ili kubana matumizi. Wapigie simu. Kila aliye kwenye orodha akishajibu kwa sauti au kwa maandishi, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 3: Sogeza fedha kabla milango ya benki haijafungwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua mwenyewe.

Alhamisi ya tarehe 9 Mei 2024 ilikuwa siku pekee ya kazi iliyobaki, na pia ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa PAYE, maana kodi hiyo ya wafanyakazi hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, pamoja na makato kama ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na tozo ya nyumba za bei nafuu. Nilishinda asubuhi nzima kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa kodi. Saa tisa alasiri nilimkabidhi muuzaji wetu wa unga hundi, naye akaikimbiza benki. Hundi huhesabiwa kwa siku za kazi. Ijumaa haikuwa siku ya kazi, wala Jumamosi, wala Jumapili. Muuzaji alikuwa ameshatuambia kwamba hatapakia unga mwingine kabla ya kuona fedha, na sikuweza kumlaumu. Jumapili saa tatu usiku waokaji sita walikuwa wamekaa juu ya kreti tupu kando ya tanuri lililokwisha kupashwa moto, wakinitazama. Unga uliobaki ulikuwa magunia mawili. Jumatatu asubuhi madukani hapakuwa na mkate wetu, na waokaji wale walikuwa wamepoteza usiku wao kwa kosa lililokuwa langu.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu mara tu sikukuu inapothibitishwa.

Kwanza naorodhesha kila malipo yanayopaswa kutoka kati ya leo na siku mbili baada ya sikukuu. Pili, nayagawa kwa njia ya malipo. Hundi na uhamisho wa fedha nyingi kati ya benki kwa mfumo wa RTGS hufanya kazi siku za kazi tu, kwa hiyo hutoka kwanza, asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote. PesaLink hufanya kazi saa zote kwa kiasi kisichofika shilingi milioni 1 kwa mara moja, na M-Pesa hupitisha hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Hayo yanaweza kusubiri hadi jioni. Tatu, nampigia simu kila anayetudai ili ajue fedha zinakuja kwa njia gani na saa ngapi.

Kodi usiziache zigongane na sikukuu. Mwezi wa Oktoba ni wa hatari kwa namna ya pekee. Tarehe 9 ni PAYE, na tarehe 10 ni Sikukuu ya Mazingira. Tarehe 20 ni siku ya mwisho ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na siku hiyo hiyo ni Sikukuu ya Mashujaa. Anayengoja tarehe 20 Oktoba anajipangia kulipa katika siku ambayo benki imefungwa na hakuna wa kumsaidia mtandao ukigoma. Mimi hulipa siku ya kazi iliyotangulia, na kila mwezi wa Oktoba huandika tarehe hizo kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani.

Mwajiriwa naye ana sehemu yake. Ikiwa kodi ya nyumba au karo inakatwa siku ya sikukuu au siku inayofuata, hakikisha fedha ziko kwenye akaunti siku ya kazi ya mwisho. Toa pia fedha taslimu kidogo, kwa sababu mawakala wengi wa mitaani huishiwa na fedha taslimu jioni ya kuamkia sikukuu.

Mafanikio hapa yanaonekana kwa jicho. Kila mstari kwenye orodha una namba ya muamala pembeni, na hakuna mstari uliobaki na neno «kesho».

## Hatua ya 4: Hamisha miadi na mizigo

Huduma Centre (vituo vya huduma za serikali), ofisi za ardhi, mahakama na kliniki nyingi za kawaida hufungwa. Usidhani miadi itajihamisha yenyewe. Wapigie simu ujue tarehe mpya, na kwa kesi, muulize wakili au karani wa mahakama badala ya kukisia. Mzigo uliotarajiwa siku hiyo uwahishwe siku moja, au uahirishwe kwa kauli ya mteja mwenyewe. Dawa za kila siku zinunuliwe mapema. Hatua hii haina mengi zaidi ya hayo, ila ikirukwa utaamka asubuhi ya sikukuu na kupanga foleni mbele ya mlango wenye kufuli.

## Hatua ya 5: Hesabu malipo ya atakayekuwa kazini

Hesabu ifanywe kabla ya siku yenyewe, mfanyakazi aione na aikubali. Ugomvi wa mwisho wa mwezi hutokana na hesabu iliyofanywa baadaye, wakati kila mtu anakumbuka saa tofauti.

Kwa wafanyakazi wanaoongozwa na Amri ya Jumla ya Mishahara, kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili ya kiwango cha kawaida cha saa, na kiwango hicho hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Chukua mfano wa mwokaji anayepata shilingi 27,000 kwa mwezi:

- 27,000 ukigawa kwa 225 ni shilingi 120 kwa saa.
- Mara mbili yake ni shilingi 240 kwa saa.
- Akifanya saa 8, ni shilingi 1,920.

Kwetu kiasi hicho huongezwa juu ya mshahara wake wa mwezi. Sekta zenye amri zao au makubaliano ya chama zaweza kuwa na kiwango kingine, ndiyo maana nimeutaja mkataba katika vitu vya kuwa navyo mapema.

Ikiwa sikukuu imeangukia katikati ya likizo yako ya mwaka, usiihesabu kama siku ya likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi kila baada ya miezi 12, na sikukuu si siku ya kazi. Mwandikie karani wa wafanyakazi akurudishie siku hiyo, ukiambatisha ilani.

Sasa vibarua. Anayelipwa kwa siku hapati chochote lango likifungwa, na kwake neno «mapumziko» lina maana ya jioni bila unga wa ugali. Ukiwa mwajiri, fanya jambo moja kati ya haya mawili: mpe kazi ya ziada siku iliyotangulia, au mlipe siku hiyo. Sisi huwaita vibarua wetu wa kupakia siku moja kabla, wakasafisha ghala na kupanga kreti, na huondoka na ujira wa siku mbili. Tambua pia kwamba, chini ya sheria hiyo hiyo, kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Watu wengi wanaoitwa vibarua Eneo la Viwanda wamekuwa kwenye lango lile lile kwa miaka, na wanastahili sikukuu yenye malipo kama mimi niliyekaa ofisini.

Hatua imefaulu ikiwa kila atakayekuwa kazini ameona kiasi chake kwa tarakimu, na amekitia saini au amekijibu kwa ujumbe.

## Hatua ya 6: Amua kusafiri au kubaki

Amua kwa kuhesabu saa, kabla moyo haujakupeleka kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus. Nakuru ni kama kilomita 160 kutoka Nairobi, Kisumu ni kama 350, na Mombasa ni kama 480. Sikukuu ya Ijumaa inakupa siku tatu, na safari ya Kisumu itakula saa nyingi za siku mbili kati ya hizo, kwa sababu kila mtu mwingine ameamua kama wewe. Nauli hupanda jioni ya kuamkia sikukuu, na tiketi za treni ya SGR huisha mapema.

Ushauri wangu ni huu. Ikiwa umepata siku moja katikati ya wiki, usiende mbali. Ikiwa ni siku tatu, nenda mahali unapoweza kufika kwa saa tatu au nne, uondoke alfajiri badala ya jioni, na urudi kabla ya saa sita mchana siku ya mwisho. Anayeondoka Nakuru Jumapili saa kumi jioni atakutana gizani na msongamano wa magari wa Kinungi, kwenye barabara ya kurudi Nairobi, akiwa na watoto wenye njaa. Siku nne au zaidi ndizo za kwenda Kisumu, Busia au Mombasa. Kwa msiba wa nyumbani hesabu hii haitumiki, nenda tu.

Panda gari kwenye kituo kinachojulikana, ulipe nauli kwa simu ili ubaki na ushahidi wa malipo, na usikubali kuketi kwenye kiti cha ziada katikati ya njia.

Kama umebaki jijini, amua mapema pia utakachofanya, hata kama ni kulala. Waokaji wetu wengi wanaishi Mukuru na Pipeline, na wameniambia kwamba siku nzuri kwao ni ile ambayo wanafua asubuhi, wanalala mchana bila simu ya msimamizi, na jioni wanakaa na watoto wao. Ikiwa wewe ni msimamizi, usiwapigie simu.

## Hatua ya 7: Rudi kazini kwa mpangilio

Fika nusu saa mapema. Linganisha orodha ya malipo na taarifa ya benki, moja baada ya nyingine, na umpigie simu yeyote ambaye fedha zake hazijaingia kabla yeye hajakupigia. Jaza saa za sikukuu kwenye daftari la zamu siku hiyo hiyo, wakati mlinzi bado anakumbuka nani aliingia saa ngapi.

Jumanne ya tarehe 21 Oktoba 2025, baada ya mapumziko ya siku nne yaliyoanza tarehe 17, nilifungua daftari letu saa moja na nusu asubuhi. Miamala yote ilikuwa na namba, VAT ilikuwa imelipwa tangu Alhamisi, na unga ulikuwa umepangwa hadi karibu na dari. Mwokaji wa zamu ya usiku alipita mlangoni akiwa na vumbi jeupe kwenye nyusi, akauliza kama zile saa zake nane za Ijumaa zimeandikwa. Nilimgeuzia daftari, akaweka kidole kwenye 1,920, akaondoka kwenda kulala.